Umeshinda Bahati Nasibu Usiyoicheza?

Na Mwandishi Wetu

Asubuhi moja ya mwezi Februari mwaka jana aliingia katika chumba chetu cha habari mzee mmoja aliyevaa baraghashia, mkononi ameshika jalada la karatasi ngumu lililofungwa kwa kamba ya katani. Alipokaribishwa kiti hakuketi mara moja. Alisema amekuja kuliomba gazeti limwandikie tangazo la kuwashitaki maofisa wa benki moja ya Ulaya ambao, kwa maelezo yake, walikuwa wakizizuia fedha zake halali. Fedha zenyewe zilikuwa Euro 850,000, alizoshinda katika bahati nasibu ya Hispania.

Ndugu msomaji, wengi wetu tumezoea kucheka tunaposikia habari kama hizi. Lakini siku ile hakuna aliyecheka katika chumba kile. Mzee huyu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo kwa miaka 31, na mashine alizokuwa akizifungua na kuzifunga zisingemvumilia mtu mjinga. Alikuwa nadhifu, mpole, na kila karatasi katika jalada lake ilikuwa na tarehe. Ndani yake mlikuwa pia na stakabadhi tatu za wakala wa kutuma fedha nchi za nje. Jumla yake ilikuwa Dola za Marekani 1,830, ambazo kwa thamani ya siku zile zilikaribia shilingi milioni nne na nusu. Zote zilitoka katika kiinua mgongo chake.

"Shikamoo, baba," nilimwambia. "Naomba tuzisome pamoja, moja baada ya nyingine."

"Marahaba, mwanangu," alijibu. "Ndiyo maana nimekuja. Someni."

Basi tukasoma. Makala hii ni matokeo ya kusoma kule. Mzee ameridhia habari zake ziandikwe ili wengine wafaidike, ila ameomba jina lake na mtaa wake visitajwe, nasi tumemheshimu.

KARATASI YA KWANZA

Barua ya kwanza ilimfikia kwa simu, katika sanduku la barua pepe ambalo hata hakukumbuka kwamba analo. Alifunguliwa anwani hiyo na binti yake wakati aliponunuliwa simu mpya, kwa kuwa simu za aina hiyo huomba anwani ya barua pepe zinapoandaliwa kwa matumizi. Hakuwahi kuitumia kumwandikia mtu yeyote. Siku moja simu ikalia, akafungua, akakuta pongezi. Alikwenda duka la kuchapishia karatasi lililo karibu na kituo cha daladala, kijana wa pale akamchapishia kwa rangi, muhuri wa dhahabu ukaonekana vizuri kabisa.

Barua iliandikwa kwa Kiingereza kizito cha kiofisi. Ilikuwa na namba ya kumbukumbu, namba ya fungu, namba ya tiketi, na sahihi ya mtu aliyejiita mkurugenzi wa malipo ya nchi za nje. Ilieleza kwamba anwani yake ilichaguliwa na kompyuta miongoni mwa mamilioni ya anwani za dunia nzima. Ilimtaka awasiliane na "wakala wa madai" ndani ya siku saba za kazi, vinginevyo fedha zingerudishwa hazina. Na chini kabisa, kwa herufi nzito, ilimwonya asimweleze mtu yeyote habari za ushindi huo mpaka fedha zitakapoingia katika akaunti yake, ili kuzuia watu wengine wasije wakadai zawadi hiyo hiyo mara mbili.

Nilimwuliza, "Baba, tiketi uliinunua wapi?"

"Sikununua. Wameandika hapo kwamba kompyuta ilichagua."

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye shina la mambo yote. Bahati nasibu ni biashara ya kuuza tiketi. Fedha za zawadi hutoka katika fedha za tiketi, na kama hakuna aliyenunua tiketi hakuna cha kugawa. Haiwezekani kampuni ikakusanya anwani za watu wasioifahamu, ikawapa mamilioni, kisha ikabaki hai. Tena hakuna daftari lolote duniani lenye anwani zote za barua pepe, ambalo kompyuta inaweza kuchagulia washindi. Walaghai hupata anwani zetu kwa njia za chini: nyingine huibwa kutoka katika makampuni ambayo tumeandikisha majina yetu, nyingine huokotwa mahali tulipoziacha hadharani, na nyingine hubahatishwa tu kwa kuunganisha majina na tarakimu mpaka moja ikubali.

Kinachowachanganya watu ni kwamba bahati nasibu inayotajwa mara nyingi ipo kweli. Ile ya Krismasi ya Hispania ilichezeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1812, katika mji wa Cádiz. Hadi leo huchezeshwa mjini Madrid kila tarehe 22 Desemba, watoto wa shule ya San Ildefonso wakiziimba namba mbele ya umati. Namba huanzia 00000 hadi 99999. Fungu moja la kumi la tiketi huuzwa Euro 20, na likiwa ndilo lenye zawadi kuu, ambayo Wahispania huiita El Gordo, yaani "Mnene", mwenye nalo hupata Euro 400,000 kabla ya kodi. Aliye na tiketi ndiye mshindi, na asiye na tiketi hana dai, hata akiwa na barua yenye mihuri kumi. Vivyo hivyo kwa bahati nasibu ya taifa ya Uingereza iliyoanza mwaka 1994. Mwenye tiketi ana siku 180 za kuja kudai, na kazi ya kuilinda tiketi ni yake.

Nilipomweleza hayo mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema neno ambalo limebaki moyoni mwangu: "Lakini wao walijua jina langu." Ni kweli walijua. Jina lake lilikuwa sehemu ya anwani yake.

TATIZO LA MTUMAJI

Barua inayokwenda kwa posta, hata ikiwa ya uongo, huwa na muhuri wa posta ya mji ilikotoka. Barua pepe haina muhuri wa namna hiyo. Kanuni za kupeleka barua pepe zilizoandikwa mwaka 1982 zilitungwa na wataalamu waliokuwa wakifahamiana, nao hawakuweka askari mlangoni wa kumwuliza mtumaji kitambulisho. Mtu aliweza kuandika jina lolote mahali pa mtumaji, na barua ikapita. Tangu wakati huo vizuizi vingi vimeongezwa, lakini jina linaloonekana juu ya barua bado ni maandishi tu ambayo mtumaji mwenyewe amejichagulia. Anaweza kujiita Benki Kuu, Umoja wa Mataifa, au Coca-Cola.

Kwa hiyo usitazame jina, tazama anwani. Katika simu nyingi itakubidi uliguse jina la mtumaji ili anwani kamili ijitokeze. Barua ya mzee ilikuwa na jina la idara kubwa ya serikali ya Hispania, lakini baada ya ile alama ya @ palikuwa na jina la kampuni ambayo humgawia anwani bure mtu yeyote anayeomba, hata mtoto wa shule. Na anwani aliyotakiwa kujibu ilikuwa nyingine kabisa, ya mtu binafsi. Mahali palipopaswa kuwa na anwani ya mzee kama mpokeaji hapakuwa na kitu. Maana yake ni kwamba barua ile ilitumwa kwa mkupuo mmoja kwa watu wengi waliofichwa wasionane. Siku ile ile, bila ya shaka, "washindi pekee" walikuwa wengi.

Walaghai waangalifu zaidi hununua anwani inayofanana na ya kweli. Njia ya kuwatambua si ngumu ukikumbuka majina yetu yanavyokaa: Asha binti Juma wa Kilwa si wa Asha bali ni wa ukoo unaotajwa mwishoni. Anwani za mtandao nazo husomwa hivyo hivyo, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Jina maarufu linaweza kuwekwa mwanzoni kabisa mwa anwani ndefu ili likupendeze macho, lakini mwenye mali ni yule anayetajwa mwishoni, karibu na zile herufi za kumalizia. Asiyekuwa na hakika asiuguse mstari huo wa buluu hata kidogo.

Barua ilikuwa na makosa ya lugha pia. Jina la nchi liliandikwa kwa namna mbili tofauti katika ukurasa mmoja. Mzee alikuwa ameliona hilo mapema, lakini alikuwa na jibu: "Nilisema, hawa ni Wahispania, Kiingereza si chao."

Mwaka 2012 mtafiti mmoja wa kampuni ya Microsoft, Cormac Herley, aliandika maelezo ambayo yanafaa kufahamika na kila familia. Alijiuliza kwa nini matapeli huandika hadithi zisizosadikika, zilizokwisha julikana dunia nzima. Jawabu lake ni kwamba kutuma barua milioni moja hakugharimu karibu chochote, lakini kushughulika na kila anayejibu kunagharimu muda mwingi. Tapeli hataki majibu ya watu watakaoshituka katikati ya safari. Hadithi ya ajabu hufanya kazi ya chekeche: wenye mashaka huanguka wenyewe tangu mwanzo, wakabaki wale tu wanaoelekea kufika mwisho. Kwa hiyo barua mbovu si lazima iwe kazi ya mtu asiyejua kazi yake.

Aidha, dalili hii ya makosa ya lugha inazidi kupoteza nguvu. Siku hizi ziko programu za akili bandia zinazoweza kuandika Kiswahili safi, chenye "ndugu" na "tafadhali" mahali pake. Anayesubiri makosa ya tahajia ndipo ashituke, huenda akasubiri sana.

STAKABADHI TATU

Tulizipanga stakabadhi zake juu ya meza kwa tarehe. Ya kwanza ilikuwa ya Dola 180, "ada ya kusajili madai". Ya pili, wiki mbili baadaye, Dola 450, "bima ya kusafirishia hundi". Ya tatu, Dola 1,200, ilikuwa ya cheti cha kuthibitisha kwamba fedha hizo hazikutokana na dawa za kulevya wala ugaidi. Cheti chenyewe kilikuwa katika jalada, kikiwa na tai mwenye mbawa zilizokunjuliwa na sahihi mbili.

Zote tatu zilipokelewa na mtu binafsi, si kampuni. Tena mpokeaji wa kwanza hakuwa wa pili, wala wa pili hakuwa wa tatu, na hakuna hata mmoja aliyezipokelea Hispania. Idara ya serikali yenye hazina ya mamilioni inapokeaje ada zake kupitia kwa mtu mmoja mmoja katika dirisha la wakala? Mzee aliliuliza swali hilo yeye mwenyewe kwa barua, maana nakala yake tuliiona. Alijibiwa kwamba hao ni "wahasibu wa kanda".

Ndugu msomaji, hapa iko alama ambayo haijapata kushindwa. Katika bahati nasibu ya kweli, mshindi hatangulizi fedha. Nchini Hispania zawadi inayozidi Euro 40,000 hukatwa kodi ya asilimia 20 kwa ile sehemu iliyozidi, na kodi hiyo hukatwa kutoka katika zawadi yenyewe kabla mshindi hajapewa. Nchini Uingereza ushindi wa bahati nasibu hautozwi kodi. Hapa kwetu Tanzania kodi ya ushindi hukatwa na mwendeshaji wa mchezo, na waendeshaji hao hupewa leseni na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mtu akikuambia "lipa kidogo ili nikupe kingi", mwambie akate hicho kidogo katika hicho kingi. Mzee aliwahi kuwaambia hivyo hivyo. Wakamjibu kwamba sheria za bima haziruhusu fedha hizo kuguswa.

Kwa nini basi alilipa mara ya pili na ya tatu? Swali hili waliuliza wenzangu wawili baada ya mzee kuondoka, na mimi nilikuwa na hamaki kidogo kuwajibu. Aliyekwisha toa Dola 180 hana mambo mawili tu mbele yake, kutoa au kutotoa. Akikataa kutoa tena, ni lazima akubali kwamba zile za kwanza zimekwisha potea, na akubali hivyo peke yake, maana hakumweleza mtu. Akitoa, anaishi na tumaini wiki mbili nyingine. Tapeli anaifahamu hesabu hiyo kuliko anavyoifahamu Hispania. Ndiyo maana ada ya kwanza huwa ndogo.

Ile amri ya kutunza siri ndiyo iliyomdhuru mzee kuliko uongo wote mwingine. Mkewe alikuwa akiamini kwamba fedha zile ziko benki zikisubiri kununuliwa mabati ya vyumba viwili vya uani, ambavyo vingepangishwa. Kila alipouliza habari za mabati aliambiwa bei imepanda. Binti yake, yule yule aliyemfungulia anwani, angeitambua barua ile kwa kuitupia jicho moja tu. Lakini hakuonyeshwa. Mzee alitaka kuwashangaza.

ULAGHAI WA ZAMANI, NGUO MPYA

Haya hayakuanza na kompyuta. Katika miaka ya 1830 Mfaransa mmoja, Vidocq, aliyepata kuwa mfungwa kisha akawa mkuu wa wapelelezi wa Paris, aliandika kitabu kuhusu wezi na hila zao. Humo alieleza barua zilizoitwa "barua za Yerusalemu". Wafungwa walikuwa wakiwaandikia matajiri wakijifanya watumishi wa wakuu waliokimbia Mapinduzi ya Ufaransa na kuficha kasha la mali mahali fulani. Kilichohitajika ni fedha kidogo tu ili kasha lifukuliwe. Vidocq alisema kwamba katika kila barua 100, 20 hupata majibu. Mwishoni mwa karne hiyo hila hiyo hiyo ilikuwa ikiitwa "Mfungwa wa Hispania", na gazeti la New York Times liliwaonya wasomaji wake juu yake mwaka 1898.

Kasha la dhahabu limegeuka hundi, na mfungwa amegeuka mkurugenzi. Watu wengi huuita ulaghai huu "419", kwa kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu udanganyifu, na Nigeria ilitunga sheria maalumu ya kupambana na ulaghai wa malipo ya kutanguliza mwaka 2006. Lakini ni kosa kuutupia mzigo huu taifa moja. Jamaika nayo ililazimika kutunga sheria yake mwaka 2013, kwa sababu ya makundi yaliyokuwa yakiwapigia simu wazee wa Marekani na kuwapongeza kwa ushindi wa bahati nasibu. Mwezi Julai mwaka 2005 polisi wa Hispania walikamata watu zaidi ya 300 katika eneo la Málaga kwa ulaghai wa aina hii hii, na waliokuwa wameibiwa walikuwa raia wa nchi nyingi, zikiwemo zile tajiri kabisa. Mwaka 2017 kampuni ya kutuma fedha ya Western Union ilikubali kutoa Dola milioni 586 nchini Marekani, baada ya kukiri kwamba ilishindwa kuwazuia matapeli, na baadhi ya mawakala wake walioshirikiana nao, wasiutumie mtandao wake. Sehemu ya fedha hizo ilirudishwa kwa walioibiwa. Kwa mtu mmoja mmoja, hata hivyo, fedha zikishapokelewa ng'ambo ya pili huwa ni vigumu sana kuzirudisha.

Hapa nyumbani hila hii imevaa pia nguo za simu ya mkononi. Nani kati yetu hajapata ule ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii"? Au ule wa kumpongeza kwa kushinda shindano la kampuni ya simu, na kumtaka atume kwanza fedha ya usajili? Ni barua ile ile ya Hispania, ila imefupishwa ikatosha kwenye kiganja.

LA KUFANYA

Barua ya namna hii ikikufikia, usiijibu, hata kwa matusi. Jibu lolote humwambia tapeli kwamba anwani ile ina mtu hai, na anwani yenye mtu hai huuzwa kwa matapeli wengine. Iweke katika fungu la barua taka, na programu itajifunza kuzitenga zinazofanana nayo.

Kama umekwisha lipa, acha kulipa leo, wala usingoje kesho. Mpigie haraka wakala, benki au kampuni ya simu uliyoitumia, kwa kuwa fedha ambayo haijachukuliwa bado inaweza kuzuiwa. Usifute chochote: barua, stakabadhi na namba zote ni ushahidi. Toa taarifa polisi. Nchi yetu inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na udanganyifu wa namna hii umo ndani yake. Namba ya simu ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Mzee wetu alikuwa amewapelekea pia picha ya kitambulisho chake cha taifa. Tulimwonyesha namna ya kubonyeza *106# ili aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Zilikuwa mbili, zote za kwake. Alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu alipoingia.

Nawe uliye kijana, ukigundua kwamba mzazi wako yumo katika mtego huu, usianze na kicheko wala usimnyang'anye simu. Aliyefedheheshwa hurudi kwa yule anayemheshimu, na tapeli huandika kwa heshima nyingi sana: humwita mshindi, bwana, mheshimiwa. Keti naye. Mwombe mzisome barua hizo pamoja kama msomavyo barua ya jamaa. Mwulize maswali mwache ajibu mwenyewe. Nimeona kwa macho yangu kwamba swali la "tiketi uliinunua wapi" lilimfikia mzee mbali zaidi kuliko maelezo yangu yote ya kodi za Hispania.

Hakusadiki siku ile. Aliondoka na jalada lake kwapani, amenishukuru kwa adabu, akisema atakwenda kutafakari. Nilidhani hatutamwona tena.

Alirudi mwezi Machi, safari hii akiwa na mkewe. Mama yule aliketi akaweka mkoba mapajani, akanitazama kwa muda kabla ya kusema neno. "Amenieleza yote," alisema. "Nililia siku mbili, ya tatu nikamwambia tuje." Barua mpya ilikuwa imemfikia mumewe. Mtu aliyejiita wakili wa Umoja wa Mataifa alimwarifu kwamba jina lake limeonekana katika orodha ya walioibiwa na matapeli wa bahati nasibu, na kwamba atalipwa fidia ya Dola 50,000. Ilihitajika ada ya Dola 300 tu ya kufungulia faili.

Waliomwibia, au wale waliouziwa jina lake nao, walikuwa wamerudi kumsaidia. Hii ni kawaida yao. Aliyekwisha lipa mara moja huandikiwa tena na tena, kwa majina ya mawakili, wapelelezi na benki kuu, na kila mmoja huahidi kurudisha kilichopotea.

Mzee alinipa simu. "Nimebonyeza lile jina kama ulivyonifundisha," alisema. "Tazama anwani." Niliitazama. Ilikuwa ya bure, kama ile ya kwanza.

Tuliwaelekeza kituo cha polisi. Kabla ya kuondoka mzee alilifungua jalada akaitoa ile karatasi ya kwanza yenye muhuri wa dhahabu, akauliza kama anaweza kubaki nayo yeye, nyumbani. Mkewe aliichukua mkononi mwake taratibu, akairudisha ndani pamoja na zile stakabadhi tatu, akaifunga kamba.

"Zote zinakwenda polisi," alisema.